Kichanja cha kupimia roketi: shajara ya uani, Mbeya

Jumamosi, 14 Juni

Ubishi ulianzia kwenye chupa ya soda. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, amekuja kwetu Mwanjelwa kwa likizo, na ameshikilia kwamba roketi ya maji hutiwa maji nusu chupa. Mimi nasema theluthi. Yeye ana daftari la klabu ya sayansi, mimi nina mvi. Tulibishana mpaka chai ikapoa, ingawa kwa baridi ya Mbeya mwezi huu hilo halichukui muda.

Kwa asiyeijua roketi ya maji: unachukua chupa ya plastiki, unatia maji kiasi, unaigeuza mdomo chini, unajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, kisha unaachia. Upepo unayasukuma maji yatoke chini, chupa inakwenda juu. Moto haumo. Zile mota za roketi ndogo, za viwandani, zenye baruti, zinazopangwa kwa herufi A, B, C, nimekuwa nikizisoma kwa muda mrefu na sikatai kwamba nazitamani. Lakini baruti ni kitu cha sheria na kibali, na uani kwangu kuna watoto, kuku na kamba ya nguo. Maji yananitosha.

Jioni nimeamua: badala ya kubishana, tupime. Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Wafanyabiashara wa mchele na viazi wananiletea mizani za kidijitali zilizozimika, na ndani ya kila moja kuna kijiti cha alumini chenye waya nne: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Mafundi tunakiita lodiseli. Kimetobolewa katikati ili kiweze kupinda kidogo sana, na juu yake zimegandishwa nyuzi nyembamba za chuma kwa umbo la nyoka. Kijiti kikipinda, nyuzi zinavutika, ukinzani wake wa umeme unabadilika. Badiliko lenyewe likisomwa kwa volti ni milivolti chache tu, kwa hiyo panahitajika chipu ya kulikuza. Ninayo HX711, inakuza mara 128 na kutoa namba ya biti 24. Ninayo na Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoandikiwa programu, ya bei ya chini, iliyokuwa ikikusanya vumbi dukani. Ninalo boksi zima la lodiseli. Nimekosa kisingizio.

Jumapili, 15 Juni

Pupa imenilipa. Wenye mota za baruti wana njia nyepesi ya kupima: mota inasimamishwa mdomo juu, moto unaruka kwenda angani, mota yenyewe inakandamiza mizani chini. Nikafanya vivyo hivyo. Chupa ya lita moja na nusu, mdomo juu, kitako juu ya mizani ya jikoni. Tukajaza upepo, tukaachia.

Fyuuuu. Upepo wote ukaishia hewani, na maji yakabaki chini ya chupa yametulia kama ya kisimani. Mpwa wangu akainama, akachungulia.

"Mjomba, umepima upepo."

Sikuwa na la kusema. Baruti ni kitu kigumu, ukiigeuza haimwagiki, ndiyo maana mota haijali imesimama vipi. Maji yanakaa chini daima, kwa hiyo mdomo lazima uwe chini, na mizani lazima iwe juu ya chupa, ipokee msukumo wa kwenda juu. Maana yake siwezi kukwepa kujenga fremu.

Jumanne, 17 Juni

Mbao za paini mbili kwa nne, zile zinazoletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi. Miguu miwili ya mita moja na robo, boriti juu, vitako vya kupanua chini. Jirani yangu anayechomelea ameona aibu kwa niaba yangu, akasema angenitengenezea ya chuma cha engo kwa siku moja. Nimemwambia mbao kwanza, kwa sababu nina hakika nitatoboa mahali pasipo. Nimetoboa mara mbili mahali pasipo.

Mpwa wangu ameliangalia umbo la fremu, akasema ni kichanja cha kuanikia vyombo. Jina limeganda.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimeua lodiseli.

Ilikuwa ya kilo 5, kutoka kwenye mizani ya duka la rejareja. Niliifunga chini ya boriti, chupa ikaning'inia chini yake ndani ya kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, mdomo chini, umezibwa kwa kizibo cha mpira chenye valvu ya baiskeli. Ukijaza upepo wa kutosha, kizibo kinachomoka chenyewe. Hicho ndicho nilichokiona kuwa ni urahisi.

Kizibo kilichomoka kwenye upepo 40 hivi. Nasema upepo 40 kama wanavyosema mafundi wa pancha, yaani pauni 40 kwa inchi ya mraba. Mlio ulikuwa kama wa mlango uliobamizwa na upepo. Kuku wa bibi wa nyumba ya pili walikimbilia barabarani. Kwenye laptopu nilipata nukta moja tu iliyoruka juu, na baada yake mstari haukurudi sifuri. Ulitulia kwenye kilo 1.3. Nikaondoa chupa, nikaondoa bomba, mizani haina kitu, bado inasema 1.3.

Hesabu niliifanya baadaye, wakati ilitakiwa ije kwanza. Msukumo wa maji yanayotoka kwenye tundu ni mara mbili ya presha ukizidisha na eneo la tundu. Inatoka hivi: mwendo wa maji ukijizidisha wenyewe ni sawa na presha mara mbili kugawanya kwa uzito wa ujazo wa maji; na msukumo ni uzito huo mara eneo mara mwendo kujizidisha. Uzito wa ujazo unajifuta, inabaki mbili, presha, eneo. Mdomo wa chupa ya soda ndani una karibu milimita 22. Upepo 40 ni kilopaskali 276. Jawabu ni newton 200 na kitu, yaani kilo zaidi ya 20, kwenye kijiti cha kilo 5. Kimepinda na hakitanyooka. Mteja akiniletea mizani ya namna hii huwa namuuliza, "Nani aliikalia?"

Ijumaa, 20 Juni

Bibi wa nyumba ya pili amekuja. Kuku amewasamehe na mimi pia amenisamehe, lakini maji hapana. "Bomba linatoka kwa zamu, wewe unayamwaga kwa mizinga?" Nimemwahidi hakuna tone litakalopotea. Kuanzia sasa chini ya kichanja kuna karai. Amesema ndaga, yaani asante, na hakutabasamu.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya maana. Nimebadilisha vitu viwili.

Kwanza mdomo. Nimenunua kwa muuza vifaa vya ujenzi kile kiunganishi cha plastiki cha mpira wa kumwagilia bustani, kile kinachoingia kwa mlio wa "tak". Kipande cha kiume nimekipitisha kwenye kifuniko cha chupa kilichotobolewa, washa ya mpira ndani, nati nje. Tundu lake nimelipima kwa mkia wa biti ya drili: biti ya milimita 9 inaingia bila kulegalega. Kwa upepo 60, ambao ni kilopaskali 414, hesabu inanipa newton 53, kama kilo tano na nusu. Na maji ambayo kwa mdomo mpana yangeisha ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, sasa yatachukua zaidi ya theluthi ya sekunde. Msukumo mdogo, muda mrefu. Ni mota ambayo mtu anaweza kuipima.

Kipande cha kike kimefungwa kwenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye pampu, na katikati ya mpira kuna valvu ya tairi ili maji yasirudi. Hapa palikuwa na fumbo dogo. Kwa roketi inayoruka, kiunganishi kimefungwa chini, chupa ndiyo inachomoka. Kwangu chupa imefungwa kwenye mizani, haiendi popote. Basi kinachochomoka ni kiunganishi: kamba imefungwa kwenye pete yake, ukiivuta kwenda chini pete inashuka, kiunganishi kinarushwa na upepo kwenda chini kwenye karai, ambamo nimeweka tambara. Wakati wa kujaza, kiunganishi kinaning'inia kwenye chupa tu, hakisukumi fremu. Nimefurahia jambo hilo kuliko inavyostahili.

Pili, lodiseli ya kilo 20.

Kabla ya upepo wowote, chupa tumezijaza maji hadi juu kabisa, tukazipampu hadi upepo 90 zikiwa nyuma ya ukuta wa choo. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa ikipasuka ikiwa imejaa maji inatoa mlio mdogo na kulowesha ukuta, basi. Ikiwa imejaa upepo ni habari nyingine. Kifuniko kimoja kilivuja. Chupa zote tatu zimepona. Kwenye majaribio hatuzidi 60, kila mtu amevaa miwani, na kamba ina urefu wa mita sita.

Jumatatu, 23 Juni

Kuweka sawa mizani. Nimeazima mawe ya mizani yenye muhuri kwa muuza mchele wa Kyela, rafiki wa siku nyingi; ameniazima baada ya saa za soko na ameyahesabu mbele yangu.

Mawe yanavuta chini. Roketi inasukuma juu. Sikutaka kuamini kwamba kijiti kinasoma sawa pande zote mbili, na nikitumia kapi la kamba ili mawe yavute juu, kapi lina msuguano wake, kwa hiyo tumefanya jambo la kijinga lenye faida: tumekigeuza kichanja chote kichwa chini, tukapanga mawe juu ya lodiseli. Sasa mawe yanasukuma upande uleule wa roketi. Kilo moja, mbili, tano, saba. Imekuja namba 107,400 kwa kila kilo, na mstari umenyooka.

Kuigeuza kilo kuwa newton, daftari la mpwa wangu linasema 9.81. Hapa tuko karibu na ikweta na mita kama 1,700 juu ya bahari. Kani ya mvutano ni 9.78. Tofauti ni sehemu tatu kwa elfu, ndogo kuliko mtikisiko wa mizani yangu. Nimeandika 9.78 hata hivyo. Mbeya ni Mbeya.

Jumatano, 25 Juni

Hakuna umeme mchana kutwa. Betri ya laptopu ni ya mapambo.

Ijumaa, 27 Juni

Jaribio la kwanza la kweli: nusu lita ya maji, upepo 60. Mlio ni "pssshaaa" mrefu, si mlango tena, na maji yanashuka wima meupe kama uzi wa chuma mpaka kwenye karai. Kuku hata hawakuinua vichwa.

Matokeo: nukta nne. Nne! Kwa nukta nne unaweza kuchora mlima, nyumba au ngamia, utakavyo.

Sababu za kukosa nukta huwa mbili. Ya kwanza niliigundua kwenye programu. Ile programu ya mfano ambayo kila mtu anainakili inachukua vipimo kumi, inapiga wastani, ndipo inaandika. Kwa mizani ya mchele ni sawa, mchele hauendi popote. Hiyo nilikwisha kuitoa kabla ya jaribio. Ya pili, inayonikwamisha leo, iko kwenye chipu. HX711 ina miguu 16, na mguu wa 15 ndio unaochagua kasi: ukiunganishwa na hasi inatoa vipimo 10 kwa sekunde, ukiunganishwa na chanya inatoa 80. Kwenye bodi hizi ndogo za kijani mguu huo umelazwa kwenye hasi kiwandani. Hakuna swichi, hakuna kitu cha kufungua.

Jumamosi, 28 Juni

Mguu wa 15.

Nimesubiri jua lipande hadi liingie mezani, kwa sababu taa ya dukani haitoshi. Miguu ya chipu hiyo imesogeleana kiasi kwamba ukipitisha sindano ya kushonea katikati yake inagusa pande zote. Nimeweka tone la maji ya kulehemu, nimepasha mguu wa 15 huku ncha ya sindano iko chini yake, na risasi ilipolainika tu nikainua. Kwa upole, kama unayemwinua mtoto aliyelala. Ukiuvuta risasi haijayeyuka, mguu unakatikia mwilini mwa chipu na bodi inakuwa kishikio cha funguo. Ninavyo vishikio vya funguo viwili vya namna hiyo.

Bahati nzuri aliyechora chipu aliuweka mguu wa 16, wa chanya, jirani kabisa. Mguu wa 15 ukishainuka hewani, unaulaza kidogo upande wa jirani yake, tone moja la risasi linawafunga pamoja. Kazi ya sekunde mbili baada ya maandalizi ya nusu saa. Nilishika pumzi muda wote, na mpwa wangu aliyekuwa ameshika kioo cha kukuza alishika pumzi pia, kwa hiyo tulipomaliza tulikohoa wote wawili.

Vipimo 80 kwa sekunde. Kimoja kila milisekunde kumi na mbili na nusu. Maelezo ya chipu yanasema kwa kasi hiyo inahitaji milisekunde 50 kutulia, kwa hiyo najua kilele cha mwanzo kitalainishwa, hakitakuwa kikali kama kilivyo. Nakubali. Chipu za kasi zaidi zipo, haziko kwenye boksi langu.

Jumapili, 29 Juni

Nukta 30 na zaidi kwa kila jaribio! Mlima wenye umbo: unapanda ghafla hadi newton 44, unateremka taratibu kadiri upepo ndani ya chupa unavyotanuka na kupungua nguvu, unafika 22 au 23 maji yanapoisha, kisha kamkia kafupi ka upepo mtupu. Baada ya hapo fremu inatetemeka mara tano sita kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Halafu nikaona mwisho wa mstari, moyo ukashuka.

Haukurudi sifuri. Ulitulia kwenye newton 4.9, ukakaa hapo. Nikajua nimekwisha. Lodiseli ya pili. Ya kilo 20, na msukumo haukufika hata kilo tano, lakini mstari usiorudi nimeuona siku kumi tu zilizopita na najua unavyofanana. Nikaanza kutafuta wa kumlaumu: labda ilikwisha kuchoka nilipoitoa kwa yule mteja, labda boliti imeibana. Nikafungua, nikafunga, nikarudia jaribio. 4.9. Nikabadilisha chupa. 4.9. Nikahesabu vijiti vilivyobaki kwenye boksi.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa anafanya kazi aliyopewa na bibi: kuchukua karai na kuyarudisha maji kwenye ndoo. Akasimama nalo mikononi.

"Mjomba, mizani uliiweka sifuri chupa ikiwa na maji?"

"Ndiyo. Kabla ya kujaza upepo."

"Sasa maji si haya hapa?"

Nusu lita, nusu kilo. Nusu kilo mara 9.78 ni newton 4.89. Mizani iliwekwa sifuri ikiwa imebeba maji, maji yameondoka, kwa hiyo inaona kama kuna mtu anayeinua chupa kwa nguvu ya nusu kilo. Haijapinda. Haijachoka. Inasema kweli tupu, mimi ndiye nimeiuliza vibaya.

Nimekaa juu ya tofali muda mrefu kidogo. Kilo 1.3 ya tarehe 19 ilikuwa kijiti kilichokufa, na 4.9 hii ni kijiti kizima kabisa, na kwenye grafu vinafanana kama mapacha. Dawa ya kuvitenganisha ni ya kitoto: toa chupa, ning'iniza jiwe la kilo moja, angalia inasema nini. Tarehe 19 niliangalia. Leo, kwa woga, sikuangalia.

Jumatatu, 30 Juni

Marekebisho kwenye hesabu. Maji hayatoweki kwa mkupuo, yanapungua kadiri yanavyotoka, kwa hiyo sifuri yangu inapanda pole pole kutoka 0 hadi 4.89 katika muda wa kutoka maji, ndipo inakaa. Nimeichora kama mstari wa kupanda chini ya mlima, na kinachohesabiwa ni kilicho juu ya mstari huo tu.

Bila kurekebisha, eneo lote chini ya grafu, yaani msukumo mara muda wake, lilinipa newton-sekunde 13.6. Baada ya kurekebisha: 12.1. Kwa lugha ya wenye mota za baruti, A inaishia newton-sekunde 2.5, na kila herufi inayofuata inaruhusu maradufu ya iliyotangulia: B hadi 5, C hadi 10, D hadi 20. Chupa yetu ya soda yenye nusu lita ya maji ya zamu ni D. Mpwa wangu ameandika D kubwa kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito.

Na jambo hili linawahusu hata wao wenye baruti, kama mota imesimama wima kwenye mizani: baruti ikiungua inaondoka na uzito wake. Kwa kuwa yao wameigeuza mdomo juu, kosa lao linakwenda upande mwingine, msukumo unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ukitaka kulikwepa kabisa unalaza kichanja, mota isukume kwa ubavu. Maji hayalali.

Jumapili, 6 Julai

Nimeongeza mbao mbili za mshazari, mtetemeko umepungua nusu. Bodi imehamia ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula, mke wangu anajua na hajafurahi. Asubuhi saa moja hatupimi tena: jua likianza kugonga alumini, sifuri inasogea yenyewe hata chupa haijaguswa. Tunaanza saa nne.

Leo ndiyo siku ya ubishi. Upepo 60, chupa ileile, majaribio matatu matatu, mpwa wangu kwenye kamba na mimi kwenye laptopu. Kwa lita 0.3 wastani ni newton-sekunde 9.0. Kwa nusu lita, yaani theluthi yangu, 12.1 ilivyokuwa. Kwa lita 0.75, nusu chupa yake, 14.9.

Alicheza. Alizunguka kichanja mara mbili akicheza, bibi wa nyumba ya pili akatoka kuangalia kuna nini, akaambiwa mjomba ameshindwa, akapiga makofi. Nimemnunulia soda.

Ila grafu ya nusu chupa ina mkia mrefu. Zaidi ya nusu sekunde, na mwisho wake msukumo umechoka, newton 12 au 11. Sikusema kitu. Nilimwomba kaka yangu wa Uyole atuazime shamba.

Jumapili, 13 Julai

Uyole, shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, hakuna nyumba karibu, upepo wa asubuhi umetulia. Tumetengeneza chupa mbili zinazofanana, mabawa ya plastiki ya ndoo iliyopasuka, pua ya sponji, kila moja gramu 150 zikiwa tupu. Mota ileile, kiunganishi kilekile, safari hii kimefungwa chini.

Nusu chupa iliondoka kwa uzito wa gramu 900, ikipanda kama mtu mwenye gunia kichwani. Uliweza kuifuata kwa macho. Theluthi iliondoka na gramu 650, na tulipoinua vichwa ilikuwa tayari juu. Kwa saa ya simu, kutoka kuachia hadi kugusa udongo: nusu chupa, sekunde 5.0, 5.1, 4.9. Theluthi: 5.7, 5.8, 5.8.

Mpwa wangu aliangalia simu, akaangalia daftari, akaangalia simu tena.

"Lakini kichanja kilisema nusu ina nguvu zaidi."

"Ina nguvu zaidi. Imebeba zaidi pia. Na yale maji ya mwisho yanatoka polepole."

"Kwa hiyo nani ameshinda?"

Tumerudi na daladala tumebeba chupa mapajani, hatujaelewana. Anasema swali lilikuwa msukumo. Mimi nasema swali lilikuwa roketi. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo ubishi utaendelea kwa simu. Ameniachia orodha: mdomo wa milimita 12, kwa sababu anaamini nusu chupa itafaidika ikitoka haraka zaidi. Nimepiga hesabu, ni newton 94 kwa upepo 60, lodiseli ya kilo 20 itabeba. Nimeanza kutafuta kipande cha plastiki chenye tundu la 12. Karai liko kwa bibi, analowekea maharage.